Mtaa Ambao Sikuuweka

Nilitengeneza programu ya kusajili waumini wa kanisa la mama. Kwenye nafasi ya mtaa niliweka kisanduku cha kuchagua: ukikibofya, orodha ya mitaa inashuka, unachagua mmoja. Kisanduku kama hicho unaweza kukiacha wazi, ili mtu akikosa mtaa wake auandike mwenyewe. Mimi nilikifunga. Sisi watu wa Eastlands, upande wetu wa mashariki wa jiji, tukiachiwa kuandika, huyu ataandika Buruburu, yule Buru, na kompyuta itadhani ni mitaa miwili. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili ya kwanza mama alikuwa mbele kwenye foleni, amefunga kitambaa chake cha kanisa. Karani aliyekaa kwenye kompyuta, mimi nikiwa kando yake, akamuuliza anakaa wapi.

"Huruma," akasema mama.

Karani akashusha orodha, akaipandisha, akaishusha tena. Donholm ilikuwapo. Tassia ilikuwapo. Akajaribu kuandika, kisanduku kikakataa kila herufi. Akanigeukia. Foleni nzima ikanigeukia, na wengi wao walinijua tangu nikichota maji pale pale Huruma kwa mitungi ya mama.

Orodha ile niliitunga kichwani, bila kumuuliza mtu. Mitaa ya wenzangu wa kazini niliikumbuka yote.

Kukifungua kisanduku ilikuwa kazi ya dakika moja, lakini mbele ya watu wale niliona aibu kukigusa. Mama ndiye aliyenisitiri. Alimwinamia karani, akamwambia polepole:

"Weka Donholm, mwanangu. Ndiko huyu kijana wangu anakoishi siku hizi."