Diski Tatu za Kiwanda cha Pamba

Naikumbuka wiki moja pale Bariadi, mwanangu, ambayo sikupata usingizi, na hata leo nikiiwaza nachoka. Swali lenyewe lilikuwa dogo: diski tatu nizigaweje?

Nilikuwa nimetoka chuoni. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, na kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kikaniajiri niandae seva ya kutunzia nakala. Kilo za kila mkulima, kuanzia mizani ya Nkololo hadi ya Lalago, zilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na umeme wetu unaujua. Kompyuta ile ikifa, mkulima angebaki na neno lake tu.

Seva ilikuwa na diski tatu; ukitoa ya mfumo wa kuiendesha, zilibaki mbili za kugawia sehemu mbili: hifadhidata, inayojua kila nakala iko wapi, na ghala la nakala zenyewe. Nikiziweka pamoja, nafasi inatosha, lakini ghala likijaa hifadhidata inakwama, na diski ikiharibika vinakwenda vyote. Nikizitenga, diski moja inabaki karibu tupu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Msimu ukafunguliwa, hatuna nakala hata moja.

Mhasibu wetu, Mama Kulwa, akasimama mezani kwangu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, injinia wa kuchora. Ng'ombe wa baba yako wako zizi moja?"

"Hapana, mama. Wengine kawabilisa kwa mjomba, Maswa."

Kubilisa, kwetu Usukumani, ni kumpa mwenzako mifugo akutunzie, ili ugonjwa ukiingia kwako usiwafagie wote.

"Na kwa mjomba hakuna ugonjwa?"

"Upo."

"Sasa mbona aliwapeleka? Si angekaa kwanza achore?"

Vijana wa mizani walicheka mpaka nikainamisha kichwa. Nilikuwa natafuta mpango usioweza kuharibika, na mpango huo haukuwepo.

Mchana ule ule nikagawa: diski moja ya mfumo, moja ya hifadhidata peke yake, moja ya ghala, na nakala ya hifadhidata yenyewe nikaipeleka ghalani. Haukuwa mpango mzuri kuliko yote niliyochora. Nikaanzisha nakala ya kwanza, nikakaa pale pale hadi ikaisha.

Mwanangu, vitu ambavyo hutaki vife pamoja, vitenge. Kisha anza, hata kama moyo bado unabishana. Mungu akujalie kichwa kinachotulia mapema kuliko changu, na kazi ya mikono yako isimame.