Mwanangu kavunjika mkono, nami mamake sikuambiwa

Salaam aleikum jamani. Mama Halima na wanao, Bi Zuhura na mzee wako, hamjambo nyote? Mie leo sijambo ya mdomoni tu.

Nimetoka Likoni na mahamri yangu mpaka Magogoni, kwa binti yangu Mwanaisha. Sikupiga simu. Mama aombe ruhusa kwa mwanawe?

Kufungua mlango, namuona mkono una plasta!

"Shikamoo mama. Nilianguka bafuni."

"Lini?"

"Hii wiki ya tatu."

Wiki ya tatu! Na kila jioni twaongea kwa simu, aniambia yuko salama.

Nikamuuliza, kwani mimi si mamako?

Akanijibu polepole: "Mama, nikikwambia naumwa, walia wewe. Halafu mimi naacha maumivu yangu nakubembeleza."

Wallahi nilitaka kumkatalia. Kufungua mdomo, yakatoka machozi.

Na yeye, kwa ule mkono mmoja mzima, akanifuta.

Nyinyi wenye watoto wakubwa, mwajizuiaje? Nijibuni upesi. Kesho narudi kumfulia, na sitaki anibembeleze tena.