Mmimina Kahawa wa Nizwa Aliyekwenda New Orleans

Kila asubuhi, akishasali na kunywa chai yake, Muhanna alikuwa akiingia ndani ya gari yake, anafunga vioo vyote, anatoa mfukoni mwa kanzu kipande kidogo cha shaba, kile cha tarumbeta kinachotiwa mdomoni, anakipuliza. Tarumbeta lenyewe halipo. Kipande tu. Ukipita nje unasikia kama nyuki kaingia chupani. Watoto wa jirani walishamzoea. "Ami Muhanna anazungumza na nyuki wake," wanasema, wanakwenda zao skuli.

Tarumbeta lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku lake jeusi, limefunikwa blanketi. Hiyo ilikuwa amri ya kaka yake. Muhanna alipostaafu kwenye bendi ya jeshi kule Maskati, na mkewe keshatangulia mbele ya haki, Kaka Shihab alikwenda mwenyewe kumchukua, akamleta Nizwa nyumbani kwake. "Hukai peke yako na mimi ningali hai," alimwambia. Maneno mazuri hayo, na yalitoka moyoni. Lakini walipofika mlangoni akaliangalia lile sanduku, akasema, "Hilo lisisikike. Hapa wanakuja watu wa heshima."

Na kweli walikuja. Shihab alikuwa mtu wa majlisi. Kila siku baada ya alasiri chumba kinajaa: wafanyabiashara wa tende, wazee waliokuwa wakubwa wa maofisi, wengi wao watu wa Unguja kama yeye, wanachanganya Kiswahili chao cha zamani na Kiarabu cha Nizwa mpaka hujui sentensi imeanzia wapi. Na kahawa ina desturi yake. Anayemimina ni mdogo wa waliopo. Anasimama na dele, birika la shaba la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, anatia kidogo kidogo. Mgeni akirudisha finjani imetulia, anamiminiwa tena. Akitosheka anaitikisa, hivi, kwa ncha za vidole, na mmiminaji anaipokea. Hakuna haja ya kusema neno.

Katika ndugu Muhanna ndiye kitinda mimba. Basi alimimina akiwa kijana, akamimina ndevu zilipoota, na sasa ndevu zimekuwa nyeupe na bado kasimama na dele. Laith, mkwe wa Shihab, alikuwepo, kijana mwenye miguu yake miwili mizima. Lakini yeye anaegemea mto na simu yake, na hakuna aliyemwambia kitu, maana Muhanna yupo.

Nyuma ya mlango wa majlisi kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia ufunguo wa nyumba ya mama yao iliyoko mji wa Fanja. Nyumba ya zamani yenye mitende, na falaji, mfereji wa maji ya mashamba, linapita chini ya ukuta wake. Mirathi ilipogawanywa nyumba ile iliingia katika fungu la Muhanna, na kila mtu alijua. Alichokitaka Muhanna katika dunia hii kilikuwa kimoja tu: kwenda kukaa kule, kufungua madirisha, na kulipiga tarumbeta lake kwa sauti kabla pumzi hazijamwisha. Kila akianza, "Kaka, nilikuwa nafikiri habari ya Fanja," Shihab humkata, "Mwakani, inshallah. Mimina kahawa, watu wanakuja." Na Muhanna anamimina.

Ugonjwa huu wa tarumbeta alitiwa na mama yake. Yeye alibebwa kutoka Unguja bado ananyonya, hakumbuki kitu. Mama ndiye aliyemhadithia habari za beni, bendi ya harusi inavyopita mtaani na matarumbeta na ngoma zake, na wanawake wanaifuata nyuma wanacheza mpaka kwa bibi harusi. Siku moja, yeye msichana, aliifuata mpaka akafika mtaa asioujua, akarudishwa nyumbani kwa kofi. "Na kofi lile," alikuwa akisema mama, "silijutii mpaka leo."

Mwaka huu bintiye akapiga simu. Dalal na mumewe Ghaith wako New Orleans, kusini mwa Marekani, wanasoma.

"Shikamoo, Baba. Njoo ututembelee. Mji huu ungeupenda, hata maiti wanamzika kwa matarumbeta."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nimuulize Ami yako."

Shihab akaweka finjani yake chini. "Marekani! Na kahawa nani atamimina?" Lakini mtoto ndiye kaita, na baba hakatazwi kwenda kwa mwanawe. "Nenda basi. Lakini urudi kabla ya mavuno ya tende."

Alipotoka uwanja wa ndege joto lilimkumbatia kama shangazi mnene. Joto la maji maji, kama la Sur kule pwani. Nyumba za mbao zimepakwa rangi kama haluwa za sikukuu, na kila pembe inanukia kitu kinachokaangwa. Dalal akamnunulia vitu vya moto kwenye karatasi, vimejaa sukari ya unga. Muhanna akauma kimoja, akacheka, sukari yote ikamwagikia kanzu.

"Haya ni maandazi, mwanangu."

"Baba, usiseme kwa sauti. Wao wanaona ni yao peke yao."

"Nayasema. Maandazi. Ila sukari wamemwaga kama waliokosana nayo."

Siku ya pili Dalal alikuwa na darasa, akamwacha baba yake kwenye mkahawa mdogo karibu na nyumbani. Mwenye mkahawa ni mama mmoja mweusi, mpana, mcheshi, anaitwa Bibi Odile. Akamletea kahawa kwenye kikombe kikubwa kama bakuli. Muhanna akanywa. Bibi Odile akapita na birika, akamjazia. Adabu ni adabu, kahawa ikishamiminwa haiachwi, akanywa. Akaja tena. Sasa Muhanna alikuwa ametosheka, akanyanyua kikombe akakitikisa vizuri, kwa vidole, kama anavyofanya mgeni mstaarabu.

"Ah, unataka tena, kipenzi!" akasema Bibi Odile, akajaza mpaka juu.

Akanywa. Akatikisa kwa nguvu zaidi, labda huyu mama haoni vizuri. Akajaziwa kwa haraka zaidi.

Dalal aliporudi alimkuta baba yake kakaa wima, macho kama ya bundi, goti linacheza chini ya meza.

"Baba! Umekunywa vikombe vingapi?"

"Sijui, mwanangu. Yule mama hana mwisho. Namtikisia, naye anamimina. Na ananiita kipenzi mbele ya watu!"

Dalal alicheka mpaka akashika meza. "Anamwita kila mtu hivyo. Jana kamwita askari. Baba, huku hawajui kutikisa. Ukitosheka unasema basi. Kwa mdomo."

"Kwa mdomo? Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu."

Muhanna akamtazama Bibi Odile anayekuja na birika kwa mara nyingine. Akafungua mdomo. Neno lilikuwa zito, kama jiwe la kusagia. Miaka yote yeye ndiye aliyesoma mikono ya watu. Hakuna aliyewahi kuusoma wake.

"Basi," alisema. "Ahsante. Basi."

"Haya, kipenzi," akajibu Bibi Odile, akenda zake. Hakukasirika. Dunia haikuanguka. Muhanna akabaki anashangaa jinsi ilivyo rahisi.

Akawa haendi pengine ila pale. Siku ya kwanza ya chakula aliletewa mchuzi mzito wa bamia. "Ndani mna nguruwe?" akauliza kwa Kiingereza chake cha jeshini. "Kidogo tu, kipenzi, ya kutia ladha." Muhanna akaisogeza sahani taratibu, kama mtu anayemsogeza paka aliyelala. Kesho yake Bibi Odile akamwekea sufuria yake peke yake, bamia na kamba na kaa juu ya wali.

"Humu hamna mnyama mwenye miguu," akamwapia.

"Kaa ana miguu."

"Basi hamna mwenye kwato. Kula, usinichoshe."

Akala, akaramba vidole. Alikuwa amekiweka kile kipande cha shaba mezani, na Bibi Odile akakiona.

"Kumbe unapiga?"

"Nilikuwa napiga."

"Ulikuwa? Midomo yako imestaafu?" Akamwinamia. "Kaka yangu anapiga kwenye bendi ya mtaa. Ijumaa kang'olewa jino, shavu limevimba kama andazi. Jumapili wanatembeza bendi na tarumbeta halina mtu. Njoo."

Jumapili Muhanna alikwenda na Dalal na Ghaith, akijiambia anakwenda kutazama tu. Barabara imefungwa. Mbele bendi, matarumbeta na ngoma kubwa. Nyuma watu, wazee, watoto, wanawake wenye miavuli ya rangi wanaipandisha na kuishusha, kila mtu anacheza huku anakwenda. Muhanna akasimama pale pale. Mama yake hakuwahi kufika nchi hii, lakini alikuwa amemweleza kitu hiki hiki. Bendi mbele, watu nyuma, na mtu anayefuata bila kujua atafika wapi.

Kaka yake Bibi Odile, na shavu lake, akamtia tarumbeta mikononi bila kuuliza. Muhanna akatia kipande chake, chake mwenyewe, akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka ina kutu. Ya pili ikasafika. Ya tatu akaisikia inagonga ukuta wa nyumba za ng'ambo ya barabara na kumrudia, akataka kucheka lakini mdomo una kazi. Akaenda na bendi. Ila akaenda kijeshi, kifua mbele, magoti kama fimbo, kushoto kulia, kushoto kulia.

"Afande!" akapiga kelele Bibi Odile nyuma yake. "Hatuendi vitani! Legeza magoti!"

Watu wakacheka. Ghaith akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Muhanna akalegeza goti moja, akaona halijavunjika, akalegeza la pili.

Safari ya kurudi alikaa dirishani kwenye ndege na kile kipande kwenye ngumi. Dalal alikuwa amemuuliza uwanja wa ndege, "Baba, utamwambia Ami nini?" Akamjibu, "Nitamwambia ulilonifundisha." Lakini moyo wake ulikuwa unadunda kuliko siku ile ya kahawa.

Nizwa alikuta mambo kama alivyoyaacha. Alasiri majlisi imejaa, haluwa katikati, Laith na simu yake. Wakati yeye hayupo, kumbe kila mgeni alijimiminia. "Alhamdulillahi umerudi," alisema Shihab, na uso wake ulichangamka kwa furaha ya kweli. "Dele liko pale."

Muhanna akalichukua dele, akaanza kulia kwenda kushoto, kama kawaida.

Mfanyabiashara wa tende mmoja, Bwana Khattab, mtu wa mzaha, akamkamata. "Haya, Mmarekani, tupe habari. Umekula nini?"

"Bamia."

"Tobaa! Umeruka dunia nzima kwenda kula bamia?"

Wakacheka wote. "Na matarumbeta yao yanayosifiwa," akaendelea Bwana Khattab, "umeyasikia?"

Muhanna akamtazama kaka yake. "Nimeyapiga. Njiani, mbele ya watu."

Shihab akasafisha koo. "Finjani za watu zimekauka, Muhanna."

Akamimina. Alimimina duru nzima bila kumruka mtu, mpaka wa mwisho alipotikisa finjani yake. Watu wakangoja alirudishe dele kwenye sinia. Hakulirudisha. Alikaa chini, baina ya Bwana Khattab na kaka yake, akatwaa finjani safi, akajimiminia, akanywa pole pole. Kisha akaitikisa mbele ya Shihab, na kwa kuwa hakuna wa kuipokea, akasema kwa mdomo:

"Basi, Kaka."

"Basi nini?"

"Basi kumimina. Nakwenda Fanja."

"Mwakani, insha..."

"Leo, inshallah."

Shihab aliutazama mkono wa ndugu yake ulioshika finjani, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Utakula nini kule, peke yako?"

"Bamia," akasema Bwana Khattab, na hata Laith akacheka.

"Njoo Ijumaa, Kaka," Muhanna akasema. "Uje ukae, mimi mwenyewe nikumiminie. Lakini kwangu."

"Na lile tarumbeta? Litasikika?"

"Litasikika mpaka Bidbid."

Shihab akainamisha kichwa, akapangusa ndevu ambazo hazikuwa na kitu. Watu wakadhani anakasirika. "Mama angelifuata," alisema mwishowe. "Angevaa buibui lake akalifuata, na sisi tungemtafuta mtaa mzima." Kisha akageuka. "Wewe Laith! Simu hiyo haitoi kahawa. Yallah, inuka."

Laith akainuka, akalishika dele kwa mkono wa kulia, wazee wote wakapiga kelele kwa pamoja, "Kushoto!"

Katika kelele hizo Muhanna alisimama, akambusu kaka yake kichwani, akenda nyuma ya mlango, akautoa ufunguo kwenye msumari. Ukutani ilibaki alama yake, nyeupe, kama ufunguo mwingine. Akapita chumbani, akavuta sanduku jeusi chini ya kitanda, akavaa viatu vyake mlangoni akatoka. Ndani ya gari alishusha vioo vyote, akatia kile kipande mdomoni, na wale watoto wa jirani wakasimama na mpira wao kusikiliza, maana leo nyuki ametoka chupani. Gari ikakata kona ya msikiti ikashika barabara ya Fanja, na kwenye ile nyumba ya Nizwa hakurudi tena.