Mifuko ya Baba Mdogo

Mama mdogo ana msimamo mmoja ambao hata ukimkata shingo haubadilishi: haingizi mkono mfukoni mwa mumewe. Nguo zikitoka mwilini mwa baba mdogo zinapita kapuni na kuingia kwenye mashine ya kufulia na kila kilichomo. Hapekui, hapapasi, hata kuzikung'uta hakung'uti. Majirani wakija huwatangazia, "Mimi mwanaume wangu namwamini bwana. Wanaopekua wapekue, yatawakuta."

Hapo hunitupia jicho mimi, maana huyo anayepekua ni dada yake, yaani mama yangu. Mama alipekua koti la baba, akakuta alichokikuta, ndoa ikavunjika, na ndiyo sababu nimelelewa kwa mama mdogo tangu nikiwa wa kubebwa. Sina kinyongo. Chakula kipo, kitanda kipo, na masimango ni ya bure.

Msimamo huo usingekuwa na madhara kama baba mdogo angekuwa fundi seremala. Lakini yeye ni dereva wa gari la maiti. Huvaa suti nyeusi ya kampuni, na mifukoni hujaza tishu za kuwagawia wafiwa. Wenzake wanamwita Mzee Tishu. Wajane wanampenda sana. Balaa ni kwamba akifika nyumbani anavua suti na kusahau kabisa kwamba ina mifuko, na mkewe, mwaminifu wa watu, anaitupa kwenye mashine ilivyo.

Tishu ikifuliwa, jamani, haifi, inazaana. Suti inatoka na chembe nyeupe toka kola hadi pindo, utadhani mwenyewe kaanguka kwenye pipa la unga. Mama mdogo naye hana subira. Anaanza kuisugua ikiwa bado mbichi, na zile chembe ndiyo kwanza zinajikita kwenye kitambaa. Nimemwambia mpaka nimechoka: ianike kwanza ikauke, uikung'ute nje, halafu ndiyo upitishe selotepu.

"Usinifundishe kufua," hunijibu. "Nani alikufulia nepi zako?"

Basi, kila wiki tunakaa barazani, yeye kashika mguu huu wa suruali, mimi ule, selotepu tumezungushia vidoleni, tunanyofoa chembe moja moja kama watu wanaotoana chawa.

Mwezi uliopita mambo yakaharibika. Baba mdogo alisimama pembeni ya jeneza, makalio yote meupe, na meneja wake akamwona. Jioni alituambia kwa sauti ya chini, hata chakula hajagusa.

"Amesema nikienda tena vile, funguo za gari nizikabidhi. Mke wangu, nitazamie mifukoni tu, basi."

"Sipekui mwanaume."

"Si nimekuruhusu mwenyewe?"

"Leo unaniruhusu, kesho utasema nakuchunga."

"Si azitoe mwenyewe?" nikadakia. Wote wawili wakanikata jicho. Hata hivyo baba mdogo akaahidi atazitoa, na mama mdogo akapumua.

Wacha wee, ahadi yenyewe! Ijumaa iliyofuata alirudi kutoka mazishini kachoka, akavua suti, akaingia kuoga. Kesho yake kulikuwa na mazishi ya mkubwa mmoja, na meneja mwenyewe ndiye angeongoza msafara. Mama mdogo akainua suruali kapuni, akakuta mfuko umevimba. Akaniita.

"Toa wewe."

"Mimi? Na historia ya ukoo wetu? Siingizi mkono."

"Una kichwa kigumu kama mama yako!"

"Ndiyo maana sitaki kurithi na bahati yake."

Nilijua atanivaa, lakini wala. Akafumba macho, akaingiza mkono mfukoni taratibu. Akatoa tishu. Akaingiza tena, tishu. Mfuko wa pili, tishu. Wa nyuma, tishu na kifungo cha shati. Akahamia kwenye koti, mfuko wa ndani na wa nje, tishu tupu, safi, zimekunjwa vizuri.

Akaketi juu ya ndoo na kuangua kilio.

"Sasa unalia nini, mama? Si hamna kitu!"

"Ndicho kinachoniliza," akasema. "Miaka yote hii natamba kwa watu kwamba namwamini. Kumbe nilikuwa naogopa tu."

Akajifuta machozi kwa tishu za mumewe. Tulipoinua macho, baba mdogo alikuwa mlangoni, taulo kiunoni. Sijui alianza kusikia wapi, ila alisikia ya kutosha.

"Ulidhani utakuta nini?" akauliza.

Mama mdogo akaibeba suti kwenye mashine. Mimi nikajifanya natafuta sabuni.

Suti ilitoka nyeusi tii. Meneja alimsifia mbele ya wenzake wote na kazi ikabaki. Siku hizi baba mdogo hasahau tena. Akirudi, kabla hajavua hata viatu, anasimama mbele ya mkewe na kugeuza mifuko yote nje, mmoja mmoja, kama mtu aliyesimamishwa na askari. Mama mdogo humwambia, "Jamani, mume wangu, si lazima." Naye humjibu, "Tazama, tazama vizuri," na habanduki hapo mpaka mkewe atazame.