Shamba la Mboga Lisilojua Jembe

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa sehemu kubwa ya tumbo langu, kwamba chini ya shamba la mboga la jirani yetu kulilala chatu. Tena si chatu wa mchezo. Angenyooshwa angefika Malava sokoni na mkia ubaki nyumbani. Jirani hakuhitaji jembe, kwa sababu kila usiku chatu alijigeuza kama mtu aliyechoka kulalia mkono, na udongo ukatifuka wenyewe. Na kila Novemba, kabla jua la Desemba halijaanza kutuchoma, jirani alimfunika kwa majani ya miwa, magunia na migomba, ili asione mwanga akadhani kumekucha. Chatu akiamka, binamu yangu aliniapia, atataka chai. Na chai ya chatu ni mtoto.

Usinicheke, rafiki yangu. Leo nina cheti cha shule ya usiku, nilichokipata mvi zikiwa tayari zimeingia kichwani, lakini nakuambia ushahidi ulikuwepo. Novemba iliyopita nilirudi kwetu Kabras, nikapita kando ya ua wa jirani, na ile harufu ikanikamata puani: majani makavu ya miwa yaliyonyeshewa, kitu kati ya sukari guru na blanketi mbichi. Nikasimama pale, mtu mzima na mkoba wangu, na wivu wa miaka yote hiyo ukapanda kana kwamba ulikuwa umekaa kituoni ukinisubiri.

Maana nilimwonea jirani wivu, sikufichi. Sisi kwetu tulikuwa watu wa jembe. Nyanya yangu aliamini ardhi isiyolimwa ni kama mtoto asiyeogeshwa. Alilima asubuhi akiwa ameinama, mgongo umelala sawa kama meza, na akitaka kukujibu alikujibu akiwa vivyo hivyo, kichwa chini, sauti ikipita katikati ya miguu. Shamba lake la mboga lilikuwa safi, jekundu, halina hata jani moja la bahati mbaya. Ungeweza kukunjua mkeka ukapiga usingizi. Na kila Jumamosi mimi nilikuwa nyuma yake na jembe langu dogo, mikono imetoa malengelenge makubwa kama njugu mawe.

Ng'ambo ya ua, mjukuu wa jirani, wa rika langu, alicheza mpira. Jumamosi nzima! Mikono yake ilikuwa laini kama ya askofu. Akichoka mpira alikuja uani kuniangalia tu, anakula muwa.

"Bado unalima?" ananiuliza, huku akitema makapi.

"Kwenu hamlimi?"

"Sisi hatulimangi. Sisi tunafunika."

Ningemtandika, ila niliogopa angemwambia chatu.

Na kweli walifunika. Mvua za mwisho zilipoanza kuchoka, jirani alianza kazi yake, nasi tukahamia uani kuangalia kama watu waliolipa kiingilio. Sukuma wiki zilizozeeka hakuzing'oa, alizikata usawa wa ardhi na kuacha mizizi iozee humo humo. Juu yake samadi ya ng'ombe. Juu ya samadi, magunia makuukuu na makatoni ya dukani yaliyoloweshwa maji. Kisha yakaja majani ya miwa, ambayo aliwaomba wakata miwa kabla hawajayachoma, marundo kwa marundo, hadi shamba likafika kimo cha goti langu. Mwishoni migomba iliyopasuliwa katikati, imelazwa upande wa maji juu. Vitu hivi vyote aliletewa na wajukuu. Yeye mwenyewe alivitandaza kwa mti mrefu wenye panda, amesimama wima kama nguzo ya stima. Akitaka kupanda miche aliketi kwenye kigoda, akafungua tundu kwenye majani, akapachika mche, akasogezewa kigoda. Kama malkia!

"Mwone," nyanya yangu alisema kutoka kule alikoinama. "Ardhi anaidharau. Hainami hata kuisalimia."

Na hakuinama kweli, popote. Kanisani mchungaji akisema tupige magoti, sote tulishuka kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, isipokuwa jirani. Alibaki ameketi, macho amefumba. Wakubwa walisema ni kiburi. Sisi watoto tulijua zaidi: alikuwa amemwapia chatu kwamba hatamwinamia mwingine. Kila kitu kililingana. Na kuku wetu mwekundu alipopotea, hata nyanya aliangalia upande wa ua.

Basi mwaka mmoja shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya, akaposwa, na wakwe wakatuma habari kwamba watakuja Januari. Januari, fikiria! Jua la kwetu mwezi huo linaweza kukaanga yai kwenye kichwa cha mwenye upara. Ingokho, kuku wetu wa kienyeji, walikuwepo, hilo halikuwa tatizo. Unga wa obusuma, ugali wetu, ulikuwepo. Lakini nyanya alikuwa na msemo wake: "Kuku anajisifu mwenyewe, mboga humsifu mpishi." Alijua wanawake wa upande wa pili wangekula kuku kwa adabu na kuhukumu mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Mrenda ukikosekana, shangazi angeitwa msichana wa kwenye nyumba kavu hadi wajukuu wake wamsikie.

Na mrenda haukuwepo. Shamba letu safi, jekundu, lililolimwa hadi likang'aa, lilikuwa limepasuka nyufa za kumeza kijiko. Kunde zilikuwa zimejikunja. Sukuma wiki zilibaki na majani membamba kama karatasi ya kusokotea tumbaku. Ng'ambo ya ua, ee Mungu wangu, kulikuwa kijani hadi macho yanauma. Mrenda, kunde, saga, majani mapana kiasi kwamba mbuzi wetu walipeleka shingo zao uani kupata kivuli. Nyanya alimwagilia shamba lake maji ya kisimani asubuhi na jioni, na ardhi ikayanywa bila hata kusema asante.

"Si uende umwombe," shangazi alisema siku ya kuamkia wageni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimwombe? Mtu hashikangi jembe, mimi nimwombe mboga? Afadhali wale majani ya mwembe."

Shangazi akaingia ndani akajifungia. Nyanya akakaa jikoni akichuja musherekha, ule munyu wetu wa jivu la maganda ya maharagwe, tone kwa tone, munyu mzuri kuliko wote wa kijiji, wa kulainishia mboga ambazo hakuwa nazo.

Ndipo sauti ikaja kutoka uani. Jirani alikuwa amesimama wima kama kawaida yake, na mjukuu wake kando amebeba kikapu kilichofurika kijani.

"Dada," akaita, "una musherekha? Maganda yangu yote ya maharagwe nimeyalaza shambani, sina la kuchoma. Mwezi mzima tunakula mrenda unakwaruza koo."

Nyanya alichukua muda wake kusimama. "Kwa hiyo hata wewe kuna kitu hunanga."

"Viko vingi, dada."

"Ninyunyize kidogo au nijaze?"

"Jaza. Na hiki kikapu kinanilemea, hebu kaa nacho."

Hakuna aliyeomba, hakuna aliyepewa. Wakwe walikula kesho yake hadi wakalegeza mikanda. Mama mmoja mnene wa upande wao alilamba vidole, akauliza kwa nguvu, ili wote wasikie, "Mrenda laini namna hii Januari! Nani amelima?"

Nyanya, mtu asiyeweza kusema uongo mbele ya chakula, akajibu, "Hakuna aliyelima."

Wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. Shangazi aliolewa na mboga ile, nitasema hivyo hadi nizikwe.

Sasa nyanya hayupo. Shamba lake jekundu limemezwa na miwa, na jembe lake, lililolika hadi likabaki kama kijiko, sijui liko wapi. Hakuna anayenijibu tena akiwa ameinama, na siku hizi ningelipa kusikia ile sauti ikipita katikati ya miguu, hata ikinitukana. Kilichobaki ni ua, na ile harufu. Kwa hiyo niliingia kwa jirani. Nilimkuta kwenye kigoda chake, mzee kweli sasa, akielekeza vitukuu wapi pa kumwaga majani ya miwa. Tulikunywa chai. Kwa ujasiri wa cheti changu nikamuuliza, hatimaye, chatu yuko wapi.

Alicheka hadi akashika ubavu. "Mjukuu wangu, hakukuwa na chatu. Ni mgongo. Nilipomzaa mwanangu wa mwisho ukavunjika ndani, sijainama tangu siku hiyo. Hata kwa Mungu."

"Na hukusema? Watu walisema una nyoka!"

"Mwanamke asiyeweza kulima, hapa, angeitwa nini? Acha waseme nyoka." Akageuza macho kule kwetu, kwenye miwa. "Kila asubuhi nilikuwa natoka na chai yangu kumwangalia nyanya yako ameinama vile, mgongo sawa kama meza. Nilimwonea wivu hadi chai ikapoa. Ningeweza kuinama, ningelima."