Fundi Aliyevifundisha Visanduku vya Mafuriko Kulala

Saa tatu asubuhi. Mercyline Nasambu amechuchumaa ukingoni mwa mto unaopita chini ya Kambi Muru, Kibera, jijini Nairobi, buti zikizama kwenye matope. Anafungua kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwenye nguzo, anaipima betri kwa mita yake, kisha anatabasamu.

"Hii iko sawa. Itaenda miezi mingine minne," anasema.

Kisanduku hicho ni kimoja kati ya kumi na vinne vinavyopima kina cha maji kutoka hapa hadi Soweto East, mtaa mwingine wa Kibera, na kutuma habari bila waya. Maji yakipanda, king'ora hulia.

Nasambu, 43, mzaliwa wa Bungoma, ni fundi wa redio na simu. Shirika dogo lililoleta visanduku lilimwajiri kuvitunza.

"Kazi ilikuwa kubadilisha betri tu. Zilikuwa zinaisha kila siku tisa. Nikimaliza ya mwisho, ya kwanza imeanza kuzima."

Masika ya mwaka juzi, betri ya kisanduku kilicho karibu na nyumba ya jirani yake, Kageha, iliisha siku moja kabla hajaifikia. Saa nne asubuhi maji yaliingia bila king'ora kulia. Mama yake Kageha, asiyeweza kutembea, alikuwa peke yake kitandani. Majirani walikata mabati wakamtoa, maji yakiwa yamemfika kifuani.

"Kageha aliniuliza, 'Mercy, hicho kidude chako kilikuwa kinafanya nini?' Nilienda kwangu nikalia."

Wiki iliyofuata alipeleka kisanduku kimoja kibandani kwake, akakichunguza. Aligundua kwamba kupima maji hakuli umeme mwingi. Kinachoumaliza ni kutuma. Kila kisanduku kilituma habari kila dakika, hata mto ukiwa umetulia, moja kwa moja hadi kipokezi kilicho juu ya ghorofa Soweto East.

Mhandisi wa shirika, Elvis Wanzala, alitaka kuleta betri kubwa zaidi.

"Nikamwambia, Elvis, hizo zitaibiwa wiki ya kwanza. Wacha hizi sanduku zilale. Maji yakitulia, ziamke kila dakika kumi. Yakipanda, kila dakika. Na zisitume mbali, kila moja ipatie ya jirani habari yake."

Wanzala aliandika programu. Haikufaulu mara moja. Kisanduku cha katikati, kilichokusanya habari za vingine na kuzituma kwa kipokezi, kilizima baada ya wiki mbili. Nasambu akapendekeza kazi hiyo ifanywe kwa zamu, kila mara na kisanduku chenye betri iliyojaa zaidi.

Leo betri hudumu miezi saba.

Aprili iliyopita mvua ilinyesha mbali, mto unakotoka, Kambi Muru kukiwa na jua. Saa saba mchana king'ora kililia.

"Wengine walicheka," anasema Kageha. "Mimi sikungoja. Nilimbeba mathe mgongoni. Tulipofika juu, nikaangalia nyuma, maji yako mlangoni."

Walikuwa wamepata dakika ishirini na mbili kabla maji hayajafika. Hakuna aliyekufa.

Sasa Gachanja, mwenye ploti Kawangware, amemwomba Nasambu aweke visanduku kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba zake. Nasambu amekubali kwa sharti moja: kwanza awafunze wapangaji wawili, Waithira na Ndeti, kuvitunza.

"Sitaki kuwa fundi peke yangu anayejua hizi vitu," anasema akifunga kisanduku. "Mvua ikianza Kawangware mwaka ujao, wampigie mtu wao, aliye hapo karibu. Mimi nitakuwa kwangu nakunywa chai."