Waya wa Kompyuta ya Tano

Jentrix Nakhumicha alijua analaumiwa kabla jina lake halijatajwa. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akikamua tambara, na mle ndani Walubengo, mwenye chuo kile kidogo cha kompyuta karibu na Ayany, alikuwa amesimama akitazama sakafu iliyolowa.

“Mama Bridgit, jana ulimwaga maji hapa?”

“Nilipangusa, Mwalimu,” Jentrix akajibu. “Sikumwaga.”

“Jana hizi kompyuta nne zilikuwa zinaongea vizuri. Leo hata hizo zina kigugumizi. Nani mwingine aliingia hapa?”

Jentrix aliendelea kukamua tambara. Maswali kama hayo alikuwa ameyajibu miaka sita nyuma, mwaka wa tisini na mbili, alipokuwa akifua nguo katika nyumba moja ya matajiri, Lavington. Saa ya baba mwenye nyumba ilipotea, naye akakana mpaka koo likakauka, na bado alitolewa langoni mikono mitupu. Baadaye saa ilipatikana kwenye koti lililokuwa kwa dobi. Alisimuliwa na mlinzi. Wenyewe hawakumtafuta hata kumwambia.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu wanafunzi wa kwanza wa Linux wangeingia. Walubengo aliupenda mfumo huo wa kuendeshea kompyuta kwa sababu haulipiwi. Kompyuta mpya, ya tano, haikuwa na mahali pa kuingizia sidii, kwa hiyo Sifuna, fundi mwenye upara aliyetoka mjini, aliiwasha kwa disketi ili ivute sehemu iliyobaki ya mfumo kupitia waya, kutoka kwa kompyuta kubwa ya kona, mojawapo ya zile nne za zamani. Kila ilipofika hapo ilikwama na kuandika kwamba mtandao hauonekani. Sifuna alikuwa amebadilisha namba za anwani, akaifungua tumbo, akatoa kadi ya mtandao na kuweka nyingine. Wapi!

“Hii kitu imenichosha, bosi,” alisema. “Imebaki waya. Labda umeingia maji.”

“Unasikia, Mama?” Walubengo akasema. “Kama ni maji, mimi na wewe tutaachana leo.”

Jentrix aliliachilia tambara likaanguka ndooni. Kutoka hapo mpaka chumba chake Kongo, Kawangware, ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na hakuwa tayari kuutembea akiwa tena amebeba kosa lisilo lake.

“Fundi, mimi sikusoma,” alisema. “Lakini chini ya hizi meza naingia kila siku. Hizi nne zimeshikana kama watoto wakivuka barabara, mkono huu kwa huyu, mkono ule kwa yule. Hii ya tano imeshika mwenzake nguo.”

“Nguo?”

“Ina waya mmoja tu, umedandia waya wa wenzake. Na huo waya jana haukuwepo. Nimeukuta asubuhi.”

Sifuna alimtazama kidogo, kisha akapiga magoti na kutambaa chini ya meza. Walibaki wakiona soli za viatu vyake. Halafu wakamsikia akicheka peke yake huko chini.

“Bosi, nani alivuta huu waya?”

Walubengo alijikuna kidevu. “Khamala. Yule fundi wa nyaya za stima wa huko Makina. Nilimfungulia jana jioni, Mama akiwa ameenda.”

“Kumbe kuna mwingine aliingia,” Jentrix alisema.

“Amekata waya katikati akatoa tawi, kama anasambazia jirani stima!” Sifuna alitoka na vumbi kwenye upara. “Hapa hakuna tawi, bosi. Waya unaingia kwa huyu, unatoka, unaenda kwa yule, na wa mwisho anafungwa kizibo. Hilo tawi ndilo linavuruga mpaka zile nne.”

Aliliondoa tawi, akaweka waya mzima pale palipokatwa. Akachomoa kizibo cha chuma nyuma ya kompyuta ya nne, akapeleka waya mpaka ya tano, akakifunga huko. Kisha akarudisha disketi. Mashine ikakoroma. Jentrix hakuweza kusoma kilichoandikwa, kwa hiyo alisoma uso wa Sifuna: paji lililokunjamana, mdomo uliobanwa, halafu meno.

“Imeshika! Oneni inavyovuta!”

Mstari mweupe ulikuwa ukirefuka kwenye kioo. Jentrix akaketi kwenye stuli ya mwanafunzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo. Kicheko kikamtoka bila ruhusa.

“Haya, endelea na kazi, Mama,” Walubengo alisema akitazama pembeni.

“Ai, bosi! Mwambie pole. Ulikuwa unamfukuza sasa hivi.”

Walubengo akakohoa. “Pole, Mama Bridgit. Ni presha tu.”

Jentrix hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Alibaki ameketi.

“Jumatatu nije saa ngapi?”

“Si unajua? Saa moja.”

“Najua. Nataka useme wewe, fundi akisikia.”

“Saa moja asubuhi, Mama. Kama kawaida.”